Nyumba ya zamani: maliza habari ya maji ya mvua kwanza, rangi baadaye

Rangi ikibabuka chini ya ukuta na chumvichumvi kuchomoza, wengi humwita fundi wa rangi. Mimi husubiri mvua.

1. Zunguka nyumba mvua ikinyesha. Tazama maji yanaangukia wapi na yanatuama wapi. Kila penye dimbwi chomeka kijiti, maana likikauka utasahau.

2. Piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 30 humwaga lita 2,400. Hayo ni mapipa 12 ya lita 200, na kama hakuna gata (mfereji wa ukingo wa paa) yote yanaishia mguuni pa ukuta.

3. Itafute ardhi ya mwanzo. Hapa ndipo penye kazi. Kila aliyewahi kukaa kwenye nyumba kuukuu huongeza zege juu ya zege, mpaka nje kunalingana na ndani. Kuna nyumba niliikarabati, kizingiti chake kilikuwa sawasawa na uwanja. Tulipopiga sululu tulikuta matabaka matatu ya zege, na chini yake ngazi mbili nzima za mlango, zimezikwa! Shusha ardhi mpaka iwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Lakini chimba kipande kwa kipande: misingi ya zamani mara nyingi haiendi chini sana, na ukikaribia kitako chake, acha.

4. Toa mteremko. Udongo ushuke sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Zege, sentimita 2 kwa mita zinatosha. Pima kwa mpira wa bomba mwangavu uliojazwa maji: maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja. Jicho usiliamini, hasa pembeni mwa ukuta uliopinda.

5. Gata na mabomba. Gata ishuke milimita 5 kwa mita. Maji ya mvua usiyaunganishe na bomba la choo. Siku ya mvua kubwa shimo la choo hujaa na uchafu hurudi ndani.

6. Shimo la kunyonya, yaani shimo la kokoto ambamo maji ya paa hunywewa na ardhi. Liwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye nyumba, upande wa chini. Kabla ya kununua kokoto, chimba mpaka kina unachokusudia, kisha katikati ya kitako toboa kishimo cha sentimita 30 kila upande. Kijaze maji, yanywewe, jaza tena. Yakikutwa yamo kesho yake, huo ni mfinyanzi na utakuwa umejichimbia kisima. Basi maji ya paa yaelekeze kwenye mtaro.

7. Lipu. Bandua iliyooza, kisha uache ukuta wazi. Ukuta mnene wa mawe na chokaa huchukua miezi kukauka, na ukiufunika kwa saruji unyevu hupanda na kutokea juu zaidi. Rudishia lipu ya chokaa. Fundi wa rangi mwambie aje msimu ujao.