SOMO: Kuweka modi nyingi kwenye Euro Truck Simulator 2 bila gemu kujizima

Wakuu, salaam. Maswali ya modi, yale mafaili ya nyongeza ya malori, mabasi na ramani, ni yale yale kila siku: "modi haitokei", "nimeweka ramani gemu ikajizima", "lori langu limekwenda wapi". Nimechoka kuandika jibu moja kwa watu kumi, kwa hiyo kuanzia leo ukiniuliza nakutumia uzi huu. Nazungumzia ETS2, yaani Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori kwenye kompyuta, ile ya SCS Software ya kule Prague. Wa American Truck Simulator, utaratibu ni huu huu, folda tu ndiyo ina jina jingine.

1. Jua toleo la gemu yako. Namba imeandikwa kwenye skrini ya mwanzo, mfano 1.49 au 1.50.

2. Pakua modi inayotaja namba hiyo hiyo. Modi ya 1.43 kwenye gemu ya 1.50 ni kubahatisha. Kama modi unayoipenda haijasogezwa mbele, ingia Steam (programu ya kununulia na kufungulia gemu), bofya gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, halafu Betas, uchague toleo la nyuma. Yanaanza na neno temporary.

3. Fungua ulichopakua. Modi ni faili la .scs, au .zip iliyotengenezwa kusomwa na gemu moja kwa moja. Ukipewa .rar, itoe kwa 7-Zip ukatafute .scs ndani. Kubadilisha jina la .rar liwe .scs hakusaidii kitu. Na mtu akikupa .exe akakwambia ni modi ya basi, futa hapo hapo. Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hiyo "basi.scs" unayoiona inaweza kuwa "basi.scs.exe". Washa kuonyesha viendelezi vya mafaili kabla hujagusa chochote.

4. Weka .scs kwenye Documents, Euro Truck Simulator 2, mod. Kama folda ya mod haipo, itengeneze. Angalizo: kwenye Windows 10 na 11 OneDrive mara nyingi huwa imeichukua Documents, kwa hiyo unaweza kukuta Documents mbili, wewe unaweka huku gemu inasoma kule. Halafu OneDrive inaanza kupandisha magigabaiti ya ramani mtandaoni kwa bando lako.

5. Nakili folda ya profiles, iliyo kando ya ile ya mod na yenye safari zako, uiweke pembeni. Kama profaili yako imewekewa alama ya Steam Cloud (hifadhi ya mtandaoni ya Steam), iondoe kwanza, la sivyo unanakili folda isiyo na kitu.

6. Fungua gemu, chagua profaili, ingia Mod Manager (orodha ya modi ndani ya gemu), washa modi kisha zipange. Iliyo juu inaishinda iliyo chini. Kwa kawaida ramani zinakaa chini, juu yake malori, mabasi na trela, kisha magari ya barabarani, na juu kabisa sauti, hali ya hewa na vitu vidogo vidogo. Rangi za basi lazima zikae juu ya basi lenyewe. Ramani kubwa kama ProMods ina mafaili kadhaa na mpangilio wake, fuata maelezo ya wenyewe, usinifuate mimi.

7. Washa moja, ingia barabarani, endesha kidogo, toka, ongeza nyingine. Najua inachosha.

8. KUTOA MODI. Soma mara mbili, maana hapa ndipo mimi nilipopoteza karakana nzima. Watu wanadhani kutoa ni kufuta faili tu. Hapana. Profaili yako inakumbuka kwamba unamiliki lori fulani, umepaki mji fulani, una mzigo fulani. Ukifuta lori wakati dereva wako ameajiriwa nalo, gemu inaweza kukataa kufungua safari uliyohifadhi, au ukaingia ukakuta lori halipo. Kwa hiyo kabla ya kutoa lori: maliza mzigo, hamia lori la gemu yenyewe, uza yale ya modi yote, hadi yaliyo mikononi mwa madereva wako. Kabla ya kutoa ramani: endesha urudi mji uliomo kwenye gemu halisi, Berlin au Calais kwa mfano, na usiache karakana wala dereva katika mji wa modi. Hifadhi safari. Ndipo uzime modi kwenye Mod Manager. Faili lenyewe lifute ukishajiridhisha kwamba kila kitu kinafunguka.

ONYO: ukifungua ukaona mali imepotea, USIENDELEE KUENDESHA. Gemu inajihifadhi yenyewe, na ikishahifadhi hasara ndiyo inakuwa hesabu yako mpya. Toka, rudisha nakala ya hatua ya 5.

ONYO la pili: usifanye haya yote usiku ambao Steam imetoka kuleta toleo jipya. Subiri watengeneza modi wasogeze kazi zao.

9. Ikijizima, usianze kulaumu kompyuta. Folda ile ile ya Euro Truck Simulator 2 ina faili game.log.txt, daftari la yaliyotokea ndani ya gemu. Lifungue kwa Notepad kabla hujawasha gemu tena, maana gemu ikiwashwa linaandikwa upya. Shuka hadi chini, tafuta neno ERROR kwenye mistari ya mwisho, uone ni njia ipi ya faili imetajwa. Ukikuta /vehicle/truck/ na jina la lori, umeshampata mtuhumiwa. Usipoelewa, zima nusu ya modi. Ikifunguka, mbaya yumo katika nusu uliyoizima. Gawa tena. Hata ukiwa na modi 32, kwa kugawa hivyo mara tano unabaki na moja. Fanya hivyo kwenye profaili mpya ya majaribio, si ile uliyoijenga mwaka mzima.

MASWALI

Tajiri_Mdogo: Mkuu modi yangu haifanyi kazi, nisaidie haraka.

Jibu: Modi gani, gemu toleo lipi, umeiweka wapi, log inasemaje?

Tajiri_Mdogo: Ya basi. Nimeweka ila haionekani.

Jibu: Hatua ya 2, ya 3 na ya 4. Ukishazisoma rudi.

Shangazi wa Scania: Asante kaka, somo limenyooka. Naomba kuelewa kitu: kwa nini modi mbili zinazofanya kazi vizuri kila moja peke yake, zikikaa pamoja moja inakuwa kama haipo?

Jibu: Dada, swali hili nilikuwa nalisubiri. Modi haijui kwamba mwenzake yupo. Kila moja inabeba mafaili yenye majina yale yale ya gemu, na gemu inachukua la juu tu. Mfano, ndani ya def, folda ya data za gemu, kuna economy_data.sii. Modi ya kuongeza malipo inalo, na modi ya kupunguza gharama za matengenezo inaweza kuwa nalo pia. Gemu haichanganyi namba za huyu na za yule, inasoma faili la aliye juu na la chini inaliacha lote. Faini za trafiki zina faili lake, police_data.sii, kwa hiyo modi ya faini na ya malipo huwa zinakaa pamoja bila ugomvi. Ukitaka kuhakikisha, fungua .scs zote mbili kwa 7-Zip ulinganishe yaliyomo kwenye def. Nyingine zitakataa kufunguka kwa sababu zimefungwa kwa mtindo wa SCS wenyewe, usidhani zimeharibika.

Shangazi wa Scania: Kumbe! Na folda za profaili mbona zina majina ya ajabu, tarakimu na herufi tupu?

Jibu: Ni jina la profaili yako, kila herufi imegeuzwa kuwa namba ya kompyuta. Ukikuta 4A756D61, hiyo ni Juma: 4A ni J, 75 ni u, 6D ni m, 61 ni a. Inasaidia sana ukiwa na profaili tano na hujui ya kunakili ni ipi.

Bwana Mizigo: Inakubali kwenye simu?

Jibu: ETS2 haipo kwenye simu. Anayekuuzia APK yake anakuuzia kitu kingine.

Kijana wa Ubungo: Mi mbona naweka modi 60 kwa mpigo na zinakubali? Hatua ya 7 ni kupotezeana muda.

Jibu: Hongera. Siku zikikataa, hatua ya 9 ipo hapo juu.

Kijana wa Ubungo: Usikasirike mkuu.

Jibu: Sijakasirika. Nimekuonyesha hatua.

Nahodha: Nilichukua ramani kwa rafiki kwa flashi, inagoma kunakili faili moja kubwa wakati nafasi ipo tele. Flashi mbovu?

Jibu: Nzima kabisa. Itakuwa imefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili moja la kufika GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati exFAT, unakili tena.

Mama Trela: Wa bando naongezea: Steam, mipangilio ya gemu, chagua isasishe pale tu unapoifungua. Modi za Workshop, zile unazojiunga nazo ndani ya Steam, nazo zinajisasisha zenyewe, kwa hiyo ukijiunga na nyingi jiandae.

Jibu: Kweli kabisa, na modi za Workshop hazikai kwenye folda ya mod, ziko steamapps, workshop, content, 227300. Watu wanazitafuta Documents hadi wanachoka.

Nahodha: exFAT imekubali. Sasa umeme umekatika nikiwa njiani kuelekea Hamburg, safari haifunguki. Ni modi?

Jibu: Hapo modi haina kosa. Umeme umekatika wakati gemu inaandika. Usibonyeze kuendelea, ingia kwenye orodha ya safari zilizohifadhiwa, ufungue ile iliyojihifadhi kabla ya hiyo. Utapoteza kilomita chache, mzigo utabaki nao.