Kusoma na kuandika kwa kanga: vipindi 4 vya Darasa la Tatu

Hesabu hizi ni za darasa la wanafunzi 60, makundi 15 ya wanne wanne, vipindi vya dakika 40. Andaa kanga 6, manila 4 (kila kundi robo), karatasi za daftari la hesabu lenye vyumba, penseli, rula, krayoni, kamba na vibanio vya nguo. Kalamu za wino mzito ziache: hupenya hadi upande wa pili, na mtoto akikosea hafuti.

1. Chagua kanga. Soma majina yote, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, kabla hujaingia nazo darasani. Za uke wenza na za kurushiana maneno zibaki kabatini. "Wema hauozi", "Mgeni njoo mwenyeji apone" na "Japo sipati tamaa sikati" zinafaa sana.

2. Tundika, kisha nyamaza. Usawa wa macho ya watoto, dakika 10, wazunguke wenyewe. Watakuonyesha pindo (ukingo unaozunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina bila kufundishwa. Majina ya kanga kwa kawaida huwa ya herufi kubwa, kwa hiyo mtoto anayesoma "wema" vizuri anaweza kukwama kwenye WEMA. A, D, E, G na R ni baadhi ya zisizofanana na ndogo zake. Ziandike ubaoni, kubwa juu na ndogo chini, lakini usiwasomee jina.

3. Uliza. "Kanga hii ina maana gani?" huzaa kimya. Uliza hivi: "Ungempa nani kanga hii? Nani usingethubutu kumpa?" Hapo watarudi kwenye maneno kutafuta ushahidi, na huko ndiko kusoma kwa ufahamu. Jioni kila mtoto amwombe mtu mzima jina moja la kanga, alinakili, na aulize huvaliwa siku gani. Asiulize nani alimnunulia nani. Mambo ya nyumba za watu hayatuhusu.

4. Jina la kundi, chumba kwa chumba. Kila kundi litunge jina la kanga yake ya manila. Kipindi kizima kiende hapa. Ukiharakisha, utapata majina yaliyokatikia ukingoni, herufi tatu za mwisho zimebanana kama abiria wa daladala, na manila imeharibika.

Robo ya manila ikiwa sentimita 42 kwa 30, pindo la sentimita 4 kila upande huacha mji wa 34 kwa 22. Sehemu ya chini ya mji chora kisanduku cha jina, 30 kwa 4, ukigawe vyumba 20 vya sentimita 1.5. Kwanza lakini waandike kwenye karatasi ya hesabu. Herufi moja chumba kimoja, na baina ya maneno chumba kitupu. WEMA HAUOZI ni 4, 1 na 6, yaani 11. Vinabaki 9, basi ruka 4 uanzie chumba cha tano. Jina la vyumba 24 linataka vyumba vya sentimita 1.25, au mistari miwili.

Makosa yatakuja kwa zamu:

Waliozoea silabi huweka CH au SH chumba kimoja. Hesabu ni ya herufi, si ya sauti. Alama ya ng' haina chumba. Hukaa juu ya mstari, kwa hiyo NG'OMBE ni vyumba 6.

Kubwa kuliko yote ni kukata kitenzi: SITA KUSAHAU MAMA. Usisahihishe. Uliza, "Sita peke yake ni nini?" Watajibu ni namba, watacheka, halafu wataziba pengo: SITAKUSAHAU MAMA, vyumba 16. Kosa la kinyume ni KILAMTU. Hapo badilisha neno la pili: kila mtu, kila siku, kila nyumba. Kila imebaki vilevile, basi ni neno linalojitegemea.

Wanaochanganya R na L wabadilishane karatasi na kundi jingine, lisome kilichoandikwa. KURA ikisomwa kwa sauti mahali pa KULA, kalamu nyekundu haina kazi.

Manila haitolewi mpaka makundi mawili mengine yamesoma jina bila kuuliza.

5. Rangi. Jina kwanza kwa penseli, halafu pindo, mji mwishoni. Mchoro wa mji uhusiane na jina. Usiwachoree.

6. Maonyesho. Kila kundi lisome kanga ya wengine na kuandika sentensi moja: ingefaa apewe nani, kwa sababu gani. Wenye kanga wasifafanue mpaka sentensi imeandikwa. Tumia vibanio viwili kwa kila kanga. Kwa kimoja karatasi huzunguka na jina likaangalia ukuta.