SOMO: Jinsi ya kusoma siku moja ya Baraza la Malodi la Uingereza, miaka ile baada ya vita kuu ya pili

Haya wadau, Hansard za Uingereza, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge lao, kuanzia 1803 ziko wazi mtandaoni bure kabisa, lakini wengi wakifungua ukurasa wa kwanza tu wanakutana na majina marefu, vyeo juu ya vyeo, wanafunga. Leo tupige somo la Baraza la Malodi, ile nyumba ya juu, kati ya 1945 na 1951. Nimechagua kipindi hicho kwasababu ndo kitamu: vita imeisha, hazina haina kitu, watu wanakula kwa kuponi, chama cha Labour cha waziri mkuu Attlee kimeshinda uchaguzi wa Julai 1945 kwa viti 393 huku chini kwa Makabwela (House of Commons, nyumba ya wabunge wa kuchaguliwa), alafu ukipanda juu kwa Malodi unakuta Labour wana watu kama 16 hivi kati ya zaidi ya 800. Kwa hesabu ya kawaida serikali ilitakiwa ipigwe mweleka kila siku. Haikupigwa. Ukielewa kwanini, umeelewa jinsi ya kusoma siku yoyote ile.

Tutatumia siku moja ya mfano, Jumatano tarehe 2 Juni 1948. Ifungue pembeni kama unaweza.

HATUA YA 1: Jua wamekaa wapi

Hii wengi wanairuka. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza ukumbi wa Makabwela. Makabwela wakahamia ukumbi wa Malodi, na Malodi wenyewe wakasogezwa kwenye Robing Room, chumba ambacho mfalme huvalia mavazi yake rasmi akija kufungua Bunge. Wakabaki humo mpaka 1951, yaani miaka sita baada ya vita kuisha bado walikuwa wanatunga sheria kwenye chumba cha kuvalia. Makabwela walipata ukumbi wao mpya Oktoba 1950.

Kwa hiyo ukisoma msemaji analalamika habari ya kubanana au kelele, usishangae. Kelele za mafundi zilileta hata mabadiliko makubwa: zamani rufaa za mahakama zilikuwa zinasikilizwa ndani ya baraza lenyewe, lakini Mei 1948 majaji wakaona haiwezekani, nyundo zinagonga mtu anajenga hoja, wakahamia chumba cha kamati ghorofa ya juu. Ilisemwa ni kwa muda tu. Hawakurudi, isipokuwa kwa nyakati chache, na mwaka 2009 kazi hiyo ikaondoka Bungeni moja kwa moja ikaenda Mahakama ya Juu.

HATUA YA 2: Tengeneza kikaratasi cha majina

Usianze kusoma bila hiki. Shida ya malodi ni kwamba mtu anabadilika jina katikati ya hadithi. Kiongozi wa Konsavativu, chama cha upinzani, humo kwa Malodi mwaka 1945 anaitwa Viscount Cranborne, ukifika 1947 anapotea, anatokea mtu anaitwa Marquess of Salisbury anaongea vilevile kwa mikogo ileile. Ni yuleyule, baba yake alifariki akarithi cheo. Viscount Templewood unayemkuta 1948 ndo yule Sir Samuel Hoare aliyekuwa waziri wa mambo ya nje 1935.

Wa kuandika kwenye kikaratasi: Viscount Addison, kiongozi wa serikali ndani ya baraza, mzee daktari, Jowitt, ambaye ni Lodi Chansela (waziri anayekaa kiti cha mbele cha baraza), Salisbury upande wa pili, na Goddard, Jaji Mkuu, ambaye naye ni lodi anapiga kura kama wengine. Jaji Mkuu anatunga sheria asubuhi nyingine anahukumu kwa sheria hiyohiyo, mimi mpaka leo naona ilikuwa mpangilio wa ajabu, lakini ndo walivyokuwa.

HATUA YA 3: Ufunguzi, pita haraka

Miaka hiyo kikao kilikuwa kinaanza saa nane na nusu mchana. Dua inasomwa, siwa ipo, Chansela anakaa kwenye Woolsack, yaani lile kochi jekundu lisilo na mgongo lililojazwa sufu. Zingatia kitu kimoja tu: huyu sio Spika. Hana mamlaka ya kumwambia mtu kaa chini wala kumpa mtu nafasi. Wakisimama wawili, baraza lenyewe ndo linaamua nani aendelee, na wote wanahutubia "My Lords", hawahutubii kiti. Chansela wa miaka hiyo ni waziri pia, sasa akitaka kuchangia kama waziri anasogea kando ya lile kochi ndo aongee. Na akidi ni watu watatu. Ndiyo, watatu.

HATUA YA 4: Maswali na vimiswada vidogo

Maswali yanakuwa machache na mafupi. Baada ya hapo utakuta mistari inasema muswada fulani umesomwa mara ya kwanza, hakuna mjadala, ni kutaja jina tu. Kama unajua utaratibu wa Bunge letu hutapotea: kusomwa mara ya pili ndo mjadala wa jumla, alafu kamati ya baraza zima, alafu taarifa, alafu mara ya tatu.

Ila miaka hii angalia sana zile amri ndogondogo zinazoletwa zipitishwe. Mwaka 1945 Bunge lilipitisha sheria ya kuiachia serikali madaraka ya wakati wa vita kwa miaka mingine mitano, juu ya chakula, malighafi, bei na kadhalika. Kwa hiyo vita imeisha kwenye magazeti lakini kwenye orodha ya shughuli bado ipo. Mkate, ambao haukuwahi kuwekwa kwenye mgao vita ikipigwa, uliwekwa kwenye mgao Julai 1946 mpaka Julai 1948. Mtu akisoma mistari hiyo mifupi kwa uvumilivu anapata picha ya maisha kuliko kwenye hotuba kubwa.

HATUA YA 5: Kamati, hapa ndo utulie

Muswada wetu wa mfano ni wa Haki Jinai (Criminal Justice Bill). Ulikuwa na mambo mengi mazuri, kufuta adhabu ya viboko mahakamani, kufuta kifungo cha kazi ngumu, hata kufuta ile haki ya zamani ya lodi kushtakiwa mbele ya malodi wenzake. Lakini kule kwa Makabwela, mwezi Aprili, wabunge waliingiza kifungu cha kusitisha kunyonga wauaji kwa miaka mitano. Kilipita kwa kura 245 dhidi ya 222, kura huru, serikali yenyewe ikiwa haikitaki.

Sasa kikaja juu. Kwenye kamati Chansela anaondoka kwenye kochi, kazi inaongozwa na mwenyekiti wa kamati mezani, na mtu anaruhusiwa kuongea zaidi ya mara moja kwenye hoja ileile. Hakuna wa kukata mjadala, kila marekebisho yaliyowekwa yanaweza kujadiliwa. Ndo maana kurasa ni nyingi. Usisome zote mfululizo, fanya hivi: tafuta Templewood, ambaye ni Konsavativu lakini anataka kunyonga kukome, ashawahi kuwa waziri wa mambo ya ndani kwahiyo alikuwa anapitia mafaili ya watu wanaosubiri kamba. Alafu tafuta Goddard upande wa pili, anaongea kama jaji aliyechoka na wahalifu. Wengine wengi wanazunguka kwenye njia za hawa wawili. Ukimaliza hao utajua uchangamke wapi na uruke wapi.

HATUA YA 6: Kura, soma orodha ya majina usiishie kwenye jumla

Kwanza inaulizwa kwa sauti, wanaoafiki wanasema "Content", wasioafiki "Not-Content", kukiwa na ubishi wanagawanyika kupitia milango miwili wanahesabiwa. Angalizo: kabla hujasema fulani aliunga mkono, soma swali lenyewe lililoulizwa ni lipi. Kwenye kamati linaweza kuwa "kifungu kibaki" au linaweza kuwa "marekebisho ya kukiondoa yakubaliwe", na anayesema ndiyo kwa moja ni sawa na anayesema hapana kwa lingine. Watu wanageuza historia juu chini kwa kosa hili.

Matokeo ya tarehe 2 Juni: 181 wanataka kunyonga kuendelee, 28 wanataka kusitishwe. Hata sio ushindani.

Sasa chukua orodha. Imepangwa kwa vyeo, maaskofu wakuu na Chansela juu, madyuk, mamarkwisi, maelo, maviskaunti, maaskofu, mpaka mabaroni chini. Linganisha na waliozungumza. Utakuta jeshi zima la watu waliopiga kura bila kufungua mdomo, na wengi wao ni wale malodi wa mashambani ambao Westminster wanafika kwa nadra kama mvua ya Agosti Dodoma. Siku hiyo walifika.

HATUA YA 7: Uliza, hili jambo liliahidiwa kwenye uchaguzi?

Hapa ndo ufunguo wenyewe. Benki Kuu ilitaifishwa 1946, makaa ya mawe yakataifishwa, huduma ya afya ya taifa ikapita, reli na umeme 1947, na malodi wa Konsavativu walichukia karibu yote hayo lakini waliyapitisha, wakaishia kurekebisha vifungu. Sababu ni makubaliano kati ya Addison na Cranborne: kitu kilichokuwa kwenye ilani ya chama kilichoshinda, nyumba ya juu haikiui kwenye kusomwa mara ya pili, kwasababu wananchi wamekipigia kura na sisi hakuna aliyetupigia.

Kunyonga hakukuwa kwenye ilani. Serikali haikukitaka kifungu, na kura za maoni zilionyesha raia wengi wanataka kamba ibaki. Kwa hiyo malodi walijua kabisa hapa hawatashtakiwa kwa kupinga wananchi, walichagua uwanja wao vizuri mno. Serikali ikajaribu kifungu cha katikati mwezi Julai, cha kunyonga kwa aina fulani tu za mauaji, malodi wakakikataa nacho, serikali ikakiacha ili muswada uliobaki upone. Ulisainiwa tarehe 30 Julai 1948.

Siku za haraka nazo zipo. Tarehe 16 Julai 1947 muswada wa Uhuru wa India ulimalizwa hatua zote kwa Malodi siku hiyohiyo, na tarehe 18 ukawa sheria. Nusu bara, siku moja.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, hawa walikuwa wanachaguliwa na nani? Na kulikuwa na wanawake?
Jibu: Walikuwa hawachaguliwi. Wengi walikuwa wa kurithi, wengine walipewa cheo na mfalme kwa ushauri wa waziri mkuu, plasi maaskofu 26 wa Kanisa la Uingereza na majaji wachache. Wanawake hakuna hata mmoja kipindi hicho, waliingia 1958 ilipopitishwa sheria ya vyeo vya maisha.

Swali: Kwanini serikali haikutumia nguvu kupitisha kile kifungu? Si kulikuwa na sheria ya 1911?
Jibu: Ilikuwepo, lakini kwa sheria ile malodi waliweza kuchelewesha muswada miaka miwili, ule wa fedha ndo mwezi mmoja tu. Kusubiri miaka miwili kwa kifungu ambacho mawaziri wenyewe hawakipendi, nani angesubiri? Serikali ilikuwa inatunza ubavu wake kwa muswada mwingine, wa kupunguza hiyo miaka miwili iwe mmoja. Malodi waliukataa mwezi huohuo wa Juni 1948, ukalazimishwa kwa kutumia sheria ileile ya 1911, ukawa sheria Desemba 1949.

Swali: Walikuwa wanalipwa?
Jibu: Mshahara hakuna. Posho ya siku ilianza 1957.

Swali: Sisi tulitajwa humo kweli, au ni India tu?
Jibu: Tulitajwa sana ndugu yangu, na sio kwa uzuri. Sheria ya 1948 ya kuendeleza rasilimali za ng'ambo ndo iliyounda shirika lililosimamia mradi wa karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilipangwa kusafisha ekari zaidi ya milioni 3, Waingereza wapate mafuta ya kula kwasababu mgao ulikuwa unawabana. Januari 1951 serikali ikasalimu amri, pauni kama milioni 36 zimepotea. Kwenye Hansard tafuta groundnuts au Kongwa kuanzia 1947, anzia kwenye hotuba za matumaini kabla hujaenda za lawama, utacheka na kusikitika.

Swali: Mdau wa Nyeri hapa. Hiyo kusitisha kunyonga ingepita ingetusaidia makoloni?
Jibu: Hapana, muswada ulikuwa wa kwao. Makoloni yalikuwa na sheria zake za jinai na mabaraza yake. Kenya wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952, walinyongwa zaidi ya watu 1,000, na makosa mengi hayakuwa hata mauaji, mtu alinyongwa kwa kukutwa na silaha au risasi au kwa kuwalisha wengine kiapo. Dedan Kimathi alihukumiwa kwa kukutwa na bastola, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Ukitaka kufuatilia, fungua kumbukumbu za Makabwela za 1953 mpaka 1957 kwanza, huko maswali juu ya Kenya yalikuwa mengi, alafu ndo upande kwa Malodi uone walijibu nini kwa mada hizohizo.

Swali: Uingereza waliacha lini kunyonga?
Jibu: Wa mwisho walinyongwa Agosti 1964. Sheria ya 1965 ilisitisha kwa miaka mitano kwa wauaji, muda uleule wa kifungu cha 1948, na safari hii malodi waliipitisha. Desemba 1969 ikafanywa ya kudumu.