Kusuka mkoba wa ukili usiotoa rangi

Wiki mbili hizi nimekuwa nikikaa ukumbini na mke wa mdogo wangu hapa Pemba. Anataka kuanza kusuka mikoba ya ukili ya kuuza, yaani ya utepe mrefu wa majani uliosukwa kisha ukashonwa. Mama yetu alitulea kwa mikeka na makawa. Kwangu mimi daftari, sare na unga wa nyumbani vinatoka kwenye mikoba. Haya ndiyo niliyomwonesha.

1. Ukindu
Ukindu ni majani ya mkindu, mti wa jamii ya mtende. Kata kuti changa lililosimama katikati, lile ambalo halijafunguka. Moja tu kwa kila mkindu, kisha uache mpaka utoe jingine. Angalia miiba ya shinani.

2. Kuanika
Siku tatu au nne za jua kali. Magharibi ingiza ndani, maana umande hutia madoa meusi.

3. Rangi
Hapa tusiende haraka. Mwaka mmoja nilipeleka mjini mikoba 14, myekundu mitupu. Mteja mmoja alinyeshewa mkoba ukiwa begani, dera lake jeupe likaharibika. Mwenye duka akanirudishia yote iliyobaki, na ya wenzangu wawili tuliopeleka pamoja hakutaka hata kuiangalia. Kazi ya miezi miwili ikalala chini ya kitanda.

Kosa langu lilikuwa kuchovya tu na kuanika. Sasa nafanya hivi. Nauroweka ukindu usiku kucha kwenye maji matupu, kwa sababu mkavu hunywa rangi kwa mabaka. Naufunga mafungu madogo, kamba ilegee. Ukikaza, pale penye fundo hubaki peupe. Maji yachemke kwanza, ndipo utie unga wa rangi na chumvi konzi moja, halafu ukindu. Nusu saa motoni, unageuza geuza, kisha uuache humo humo mpaka maji yapoe kabisa. Sufuria hiyo usiipikie chakula tena.

Halafu suuza. Nyekundu huniomba maji mara tano, hata sita, kijani hupungua. Usiamini macho. Chukua kitambaa cheupe kibichi, usugue ukindu ungali na maji. Kikigeuka waridi, rudi kwenye ndoo, na usimsikilize anayekwambia kuwa itakauka na kukamata yenyewe. Haikamati. Ukishatoka safi, anika kivulini. Ukikauka, sugua tena, kwani mara nyingine fungu la katikati hukudanganya.

Manjano ya jikoni hutoa rangi nzuri sana, lakini jua huila upesi, basi mimi siitii kwenye mikoba ya kuuza. Hudhurungi ya magome ya mkandaa, aina ya mkoko, ndiyo niipendayo kuliko zote. Chukua magome ya boriti zilizokwisha katwa, usibandue mti ulio hai.

4. Kuchana na kusuka
Ondoa uti, chana kwa sindano, chane zote ziwe sawa. Kusuka unakujua. Mimi hutumia chane 11, na naukata ujiti wa upana wa vidole viwili niupimie ukili kila baada ya urefu wa mkono mmoja, kwa sababu mkono ukichoka ukili hupanuka bila wewe kujua. Lowesha vidole, usiloweshe ukili. Mkoba wa sokoni hula kama pima 6 za ukili, pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa.

5. Kushona
Ukili uwe mkavu kabisa. Ukiushona na unyevu, hunywea baadaye na mishono ikaachana. Anza na kitako, zungusha kuelekea juu, ukingo upande ukingo. Shona kwa uzi wa ukindu. Mshipi wa kuvulia ni imara, lakini hukata majani. Nimeuona ukipasua kitako kizima.

6. Mikono na bei
Mikono ya kamba ya ukindu iliyosokotwa mara mbili, ishonwe mpaka chini ya kitako, isiishie ukingoni. Bitana akitaka mteja.

Bei usiitaje kwa kuangalia mkoba wa jirani. Hesabu ukindu, rangi, kuni, nauli ya daladala kwenda na kurudi, kisha siku zako. Mke wa mdogo wangu alikuwa amesahau siku zake zote nne.

Akienda dukani mara ya kwanza, nimemwambia abebe kile kitambaa cheupe na kichupa cha maji, asugue mkoba mbele ya mwenye duka kabla hajaulizwa bei.