Kuandikiana Kazini kwa Slack: Namna ya Kuandika Ujumbe Utakaopatikana na Kueleweka Baadaye

Ofisi nyingi za Afrika Mashariki huanzia mawasiliano ya kazi kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu kila mfanyakazi anayo tayari kwenye simu yake, na kwa timu ya watu wachache hilo linatosha. Kazi zikiongezeka, swali la mteja hufuatwa na tangazo la mchango wa harusi, jibu lake huja kesho yake likiwa limefunikwa na picha na salamu, na aliyekuwa likizo hurudi akakuta mamia ya jumbe zisizomweleza kilichoamuliwa. Hapo ndipo kampuni huhamia kwenye programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi. Mwongozo huu unahusu Slack, iliyoanza kama chombo cha ndani cha timu iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2014 na kununuliwa na Salesforce mwaka 2021. Mengi yatakayoelezwa yanafaa pia kwa wanaotumia Microsoft Teams au Google Chat.

Kuhamia programu mpya hakusaidii kitu ikiwa watu wataendelea kuandika kama walivyozoea kundini. Kila ujumbe wa kazi uandikwe kwa ajili ya mwenzako ambaye hakuwepo mazungumzo yalipofanyika, na ambaye siku moja atahitaji kujua ni nini kiliamuliwa, na nani, na kwa nini. Ukilishika hilo, utajua kila kitufe cha programu hii kina kazi gani.

Tuchukue mfano wa kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi katikati ya Dar es Salaam, wafanyakazi wengine bandarini, wengine Tunduma kwenye mpaka na Zambia, na wateja Lusaka na Lubumbashi.

Chaneli kwanza, ujumbe binafsi baadaye

Chaneli ni chumba cha mazungumzo kilichotengwa kwa kazi moja. Jina lake huandikwa kwa herufi ndogo bila nafasi, kwa hiyo maneno huunganishwa kwa kistari: #bandari, #mpaka-tunduma, #malipo-ya-wateja. Ipe chaneli jina la kazi, wala si la mtu, kwa kuwa watu huhamishwa na kazi hubaki. Pongezi, misiba na michango viwekewe chaneli yao. Ni sehemu ya maisha ya ofisi na havistahili kufukuzwa, ila visikae juu ya hati za mzigo.

Chaneli za kawaida ziwe za wazi, yaani mfanyakazi yeyote aweze kuingia na kusoma tangu mwanzo. Za faragha, zinazoonekana kwa alama ya kufuli, zibaki kwa mishahara, nidhamu na mambo ya aina hiyo. Watu wengi hukimbilia ujumbe binafsi kwa sababu wanaona haya kuuliza mbele ya wenzao, na haya hiyo inaeleweka, hasa kwa mgeni kazini. Lakini jibu lililotolewa faraghani humfaa mtu mmoja tu, na likisahaulika hakuna mwingine awezaye kulitafuta. Mkuu wa kitengo anayetaka watu waulize hadharani aanze yeye mwenyewe kuuliza hadharani. Na kama uamuzi umefikiwa katika ujumbe binafsi, mmoja wenu auandike kwenye chaneli siku hiyo hiyo.

Salamu na hoja katika ujumbe mmoja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo linalowasumbua watu wetu kuliko kitufe chochote. Sisi hatuanzi hoja bila salamu, na sioni sababu ya kuiacha desturi hiyo kwa ajili ya programu. Tatizo ni kutuma salamu peke yake na kusubiri iitikiwe. Mhasibu anayeona arifa yenye maneno "Shikamoo mama" huacha hesabu zake, huitikia "Marahaba", kisha hungoja. Wewe nawe umeshaitwa getini, na hoja yenyewe inafika nusu saa baadaye. Kazi yake imekatizwa mara mbili na bado hajui unataka nini.

Andika vyote pamoja: "Shikamoo mama. Kontena MSKU1234565 limefika Tunduma jana jioni. Linasubiri uthibitisho wa malipo ya ushuru ili livuke. Naomba stakabadhi iwekwe hapa kabla ya saa 6 mchana leo; ikichelewa, gari litalala mpakani." Heshima ipo, jambo limetajwa, kinachoombwa kinajulikana, na muda wa mwisho una sababu yake. Ukitaka kwenda mstari mpya bila kutuma, bonyeza Shift pamoja na Enter, kwani kwa kawaida Enter peke yake hutuma ujumbe ambao haujakamilika.

Saa nazo ziandikwe kwa uangalifu. Katika timu inayochanganya Kiswahili na Kiingereza, "saa 3" inaweza kusomwa kwa namna mbili zinazopishana kwa saa sita. Isitoshe, Lusaka na Lubumbashi ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, na ndivyo ilivyo hata kwa Nakonde, iliyo upande wa pili tu wa mpaka wa Tunduma. Andika "saa 3 asubuhi (09:00) ya Tanzania". Ukifungua wasifu wa mwenzako, Slack hukuonyesha ni saa ngapi alipo.

Uzi kwa kila jambo

Wanaosoma majukwaa ya mtandaoni wanaujua uzi: ujumbe mmoja na majibu yake yote chini yake. Katika Slack, weka kishale juu ya ujumbe, au ubonyeze kwa muda ukiwa kwenye simu, kisha uchague kujibu ndani ya uzi. Ujumbe wa kwanza ubebe taarifa zote muhimu. Mabishano, picha na ufafanuzi vikae chini yake. Kwa njia hiyo makontena kumi yanaweza kujadiliwa asubuhi moja bila majibu kuchanganyika. Kosa linaloharibu utaratibu huu ni kumjibu mtu nje ya uzi kwa neno kama "Tayari", ambalo dakika kumi baadaye hakuna ajuaye linahusu nini.

Mjadala ukiisha, andika hitimisho ndani ya uzi na uweke tiki kwenye kisanduku cha kulituma pia kwenye chaneli, ili wasioufuatilia uzi walione. Ujumbe wa kwanza nao unaweza kuhaririwa na kuongezewa neno "LIMEVUKA" mwanzoni. Slack itaonyesha kuwa umehaririwa, na hilo ni jema. Mjadala ukiwa mrefu na mkali, pigianeni simu humo humo ndani ya programu, kisha mmoja aandike mlichokubaliana.

Kuita watu

Alama ya @ ikifuatwa na jina humpelekea mhusika arifa. Mtaje mtu unayetaka atende jambo, na useme jambo hilo ni lipi. Ukiwataja watu watano kwa kazi moja, kila mmoja atadhani mwenzake ameishughulikia. @here huwaita wanachama wa chaneli walio hewani wakati huo, na @channel huwaita wote, hata aliyemaliza zamu ya usiku na amelala. Hiyo ya pili itumike kwa jambo linalomgusa kila mmoja na lisiloweza kungoja, kwa mfano mfumo wa forodha umekatika au lango la bandari limefungwa. Ofisi inayoitumia kila siku huwafundisha watu wake kuzima arifa, na siku ya dharura hakuna anayesikia.

Kwa mambo madogo, emoji inatosha. Kubalianeni maana zake mapema: macho ni "nimeona, nashughulikia", tiki ni "imekamilika". Maana hizo zikishajulikana, jumbe nyingi za "sawa" na "poa" hazitahitajika tena.

Kila mtu apange saa zake za kupokea arifa kwenye mipangilio, na nje ya saa hizo programu hunyamaza. Ukikumbuka jambo usiku, liandike, kisha ubonyeze mshale ulio kando ya kitufe cha kutuma na uchague lifike asubuhi. Mkuu wa kazi azingatie hili kuliko wote, maana ujumbe wake wa saa 5 usiku mara nyingi husomwa kama amri hata pale ambapo hakukusudia.

Kutafuta, na kuandika ili upatikane

Kisanduku cha kutafutia kilicho juu hukubali masharti. Ukiandika in:#mpaka-tunduma pamoja na neno, kitatafuta katika chaneli hiyo pekee. From: na jina la mtu hupunguza zaidi. Before: na after: hufuatwa na tarehe. Na maneno yaliyofungwa kwa alama za nukuu hutafutwa kama yalivyo. Lakini utafutaji haukupi kile ambacho hakikuandikwa. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Iandike yote, bila nafasi katikati, kila unapofungua uzi. "Lile la jana" halitapatikana mwezi ujao. Ukituma picha ya hati, andika namba yake chini ya picha.

Uangalifu huo huo unahitajika kwa taarifa za watu. Picha ya pasipoti ya dereva au namba ya kitambulisho chake isiwekwe kwenye chaneli ya wazi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ofisi ndogo haijasamehewa kwa udogo wake. Kumbukeni pia kwamba wasimamizi wa Slack ya kampuni wanaweza kutoa nakala ya yaliyoandikwa kwenye chaneli za wazi, na katika mazingira fulani hata ya faragha.

Mwisho, jueni kifurushi mnachotumia. Kile cha bure huonyesha jumbe na mafaili ya siku 90 zilizopita tu, na yaliyozidi mwaka mmoja hufutwa kabisa. Mwenye kifurushi hicho ateue mtu wa kuhamishia stakabadhi, hati za forodha na maamuzi ya bei kwenye hifadhi ya kampuni kila mwisho wa wiki, kabla ya kuifunga chaneli ya mzigo uliokwisha kufika.