Namna ya Kupima Kilichobaki Mjini Baada ya Maonyesho ya Dunia

Anayetaka kujua kama maonyesho ya dunia (Expo), yaani yale ambayo nchi nyingi hujionyesha kwa miezi kadhaa katika mabanda yao, yaliufaa mji ulioyaandaa asianze na idadi ya wageni. Sevilla, nchini Hispania, ilihesabu watu wapatao milioni 41 waliopita malangoni mwaka 1992, ilhali Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ilipata milioni 10 hivi mwaka 1998; hata hivyo, ukivitembelea viwanja vya miji hiyo leo, utakuta kwamba kile cha Lisbon ndicho kilichogeuka mtaa wenye wakazi.

Tafuta kwanza ramani ya eneo kama lilivyokuwa kabla ya ujenzi. Ukingo wa mashariki wa Lisbon, kando ya mto Tejo, ulikuwa na matangi ya mafuta, maghala na machinjio ya zamani, na udongo wake ulikuwa umechafuka. Maonyesho yaliupa mji sababu, na tarehe isiyosogezwa, ya kusafisha ardhi ambayo pengine ingeachwa vivyo hivyo kwa miaka mingi.

Kisha chora mstari kati ya vilivyojengwa ndani ya uzio na vilivyojengwa nje yake. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye jibu kubwa zaidi, kwa kuwa mabanda hudumu miezi michache lakini njia za usafiri hutumika na vizazi. Lisbon ilipata daraja la Vasco da Gama, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 17 pamoja na barabara zake za kuingilia, njia mpya ya metro (treni ya chini ya ardhi), na stesheni ya Oriente iliyosanifiwa na Santiago Calatrava. Kwa kipimo hiki Sevilla nayo haikutoka mikono mitupu, maana treni ya mwendo kasi kutoka Madrid ilianza safari zake mwaka ule ule wa 1992 na ingali inabeba abiria.

Uliza pia kila jengo lilikusudiwa kuwa nini baada ya lango kufungwa. Jengo la lango kuu la Lisbon lilifunguliwa tena mwaka 1999 likiwa kituo cha maduka, na sehemu ya mabanda ikawa uwanja wa maonyesho ya biashara. Kisiwa cha Cartuja, palipofanyika maonyesho ya Sevilla, kiligawiwa kampuni za teknolojia na chuo kikuu, lakini baadhi ya mabanda na bustani zake zilikaa miaka mingi zimefungwa.

Usisahau hesabu ya fedha. Parque Expo, kampuni ya serikali ya Ureno, ilitarajiwa kufidia gharama kwa kuuza viwanja vya ujenzi. Mtaa ulistawi, nyumba zikawa za bei ghali, na kampuni yenyewe ikabaki na madeni.

Kwa maonyesho yanayorudi kila mwaka, kama Sabasaba katika Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, swali hubadilika kidogo, kwa sababu uwanja haungoji matumizi mapya bali hungoja Juni na Julai. Nenda huko siku ya kawaida ya Oktoba, uhesabu mabanda yaliyo wazi, kisha uwaulize wenye maduka ya jirani ni miezi gani wanayofanya biashara.