Dawa kwenye nyumba yenye mtoto mdogo: hatua kuanzia dirishani hadi jalalani

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane alipofungua pindo la khanga ya bibi yake. Ndani mlikuwa na noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne, na vidonge viwili vya ugonjwa wa sukari. Nilipoingia, kimebaki kimoja. Mimi ni mfamasia. Dawa zangu zote zilikuwa kabatini na ufunguo ninao shingoni. Tulilala wodini, mtoto anachomwa kidole kila saa kupimwa sukari, maana glibenklamidi, ndiyo dawa hiyo ya bibi, hata kidonge kimoja kinaweza kumshusha sukari mtoto wa umri huo, tena saa nyingi baada ya kumeza. Alitoka salama. Siku hizi naifuata dawa yenyewe: inatoka wapi, inapita mikononi mwa nani, inaishia wapi.

Hatua ya 1: Anzia dirisha la dawa

Huku kwetu vidonge vingi huhesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye kifuko cha plastiki. Mtoto wa miaka miwili anakitoboa kwa meno. Vikiwepo vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye karatasi yake, omba hivyo. Mwambie pia mtoa dawa aandike jina la dawa na miligramu zake, maana "1x3" peke yake haimwambii daktari mtoto amemeza nini.

Mfuniko wa kubonyeza na kuzungusha ni mzuri, ila kazi yake ni kumchelewesha mtoto tu. Kwa vipimo vya Marekani unahesabika umefaulu hata watoto 20 kati ya 100 wakiufungua ndani ya dakika 10.

Hatua ya 2: Kasha moja, juu, lenye kufuli

Najua wengi tunaishi chumba kimoja cha kupanga, na dawa zinakaa chini ya godoro, dirishani au nyuma ya televisheni. Tafuta kasha gumu lenye mahali pa kufuli, ulitundike kwenye msumari imara juu ya kimo chako, mbali na kitanda na ndoo. Juu ya friji hapatoshi, stuli inaburutwa. Dawa ya maji inayotakiwa friji ifungie ndani ya kopo jingine, rafu ya juu kabisa.

Hatua ya 3: Rudisha kwanza, meza baadaye

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Dawa inayomdhuru mtoto mara nyingi ni ile inayotumika wiki hii, imeachwa mezani kwa sababu saa mbili usiku itahitajika tena. Mazoea yangu ni haya: kidonge kiganjani, mfuniko, kasha, kufuli, ndipo maji. Mwanzoni utajiona kichekesho.

Tatu nazitazama kwa jicho kali.

Vidonge vya damu vya wajawazito: mara nyingi vyekundu, vina sukari juu, na aghalabu nyumbani yupo mtoto anayetembea. Kumi tu vya miligramu 200 vinaweza kuhatarisha maisha ya mtoto wa kilo 10.

Paracetamol ya maji: chupa ya mililita 100 yenye miligramu 120 kila mililita 5 ina miligramu 2,400, karibu vidonge vitano vya mtu mzima. Ni tamu. Ini linaweza kuumia huku mtoto bado anacheza siku ya kwanza. Kwa hiyo tafadhali, dawa usiiite pipi hata akigoma kunywa.

ARV: wapo wanaozihamishia kwenye kopo la peremende kwa sababu kopo lake linalia mkobani. Sababu naielewa. Bora ulivike kopo soksi nene kuliko kulihamisha.

Hatua ya 4: Wageni

Mkoba wa mgeni utundikwe, pindo lifunguliwe. Kwa mama mkwe nilisema hivi: "Mama, naomba nikutunzie dawa zako, saa ya kumeza nitakuletea mwenyewe na maji." Alinuna siku mbili. Nikamwambia ni agizo la kliniki, yakaisha.

Hatua ya 5: Akishameza

Mtoe kilichobaki mdomoni. Usimtapishe. Usimpe maziwa "kukata sumu", wala mafuta, maji ya chumvi au mkaa wa jikoni. Akiwa amekunywa mafuta ya taa, kumtapisha ni marufuku zaidi, kwani akitapika yanaweza kuingia mapafuni. Akisinzia, mlaze ubavu.

Usisubiri dalili. Panda bajaji, bodaboda, chochote, uende hospitali na kifuko au chupa yenyewe, saa aliyomeza, na kadi ya kliniki yenye uzito wake. Ikiwa ni paracetamol, dawa ya kuokoa ini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8.

Hatua ya 6: Mabaki

Uliza kituo cha afya au duka la dawa kama wanapokea. Wasipopokea, changanya na majivu na maji, fukia shimo refu. Jalala la uani halifai: ndiko watoto wanakochezea baba na mama, na makopo yetu ya dawa ndiyo sufuria zao.